Anakula Juni, Februari Hayupo

Kila mwaka baridi ilipoingia Maguu, Meshack naye aliingia. Alikuja na pikipiki ya kukodi, matenga ya mbasa waliokaushwa yamefungwa nyuma kwa mpira, na koti lake la kijani ambalo kwao Lituhi halina kazi, maana kule ufukweni ni joto na watu hulala bila shuka. Huku kwetu mlimani, mwezi wa sita ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana, na ndio mwezi ambao watu wanachuma kahawa na wana hela ya samaki. Kwa hiyo alikuja na mizigo miwili, samaki wake na mgongo wake. Samaki aliwauza sokoni. Mgongo aliuleta kwangu nimpashe moto.

Mimi ni Kunigunda. Shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na katekista wakati wa mafundisho ya komunyo, na zinanitosha. Naandika mwenyewe kwa sababu habari zangu zimeshasimuliwa sana kwenye mashine ya kumenyea kahawa, na kila anayezisimulia anaongeza chumvi upande wa Meshack na kupunguza upande wangu.

Mume wangu wa kanisani alikwenda Tunduru kutafuta vito nikiwa bado msichana mbichi. Alipata mwanamke kabla ya kupata jiwe, akabaki huko. Hakuniachia mtoto wala salamu. Nilirudi kwa baba. Kabla hajafa, baba alinipeleka kwenye mteremko mmoja juu ya kijito, kaka yangu Othmar akiwa nyuma yetu, akasema, "Huu ni wa Kunigunda maadamu unalimwa. Ukiota vichaka, unarudi kwa Othmar." Mimi nilishika maneno ya kwanza. Othmar alishika ya mwisho, na tangu siku hiyo alikuwa akiutazama mteremko wangu kama fisi anavyomtazama ng'ombe mgonjwa.

Asiyejua kilimo chetu nimweleze, la sivyo hataona nilivyodhulumiwa. Sisi Wamatengo tunalima mashimo ya ngoro. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho, nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke. Kisha wanaume wanazilaza chini kwa mistari inayokatana, mlima wote unakuwa miraba. Wanawake tunafuata na jembe. Tunachimba katikati ya kila mraba, udongo tunaufunika juu ya zile nyasi, na maharage tunayapanda juu ya udongo. Katikati linabaki shimo. Mvua ikija inatuama humo badala ya kubeba shamba kulipeleka kijitoni. Mwaka unaofuata tunapanda mahindi palepale, halafu kazi ya nyasi inarudi upya.

Kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume. Wazee husema mkono wa mwanamke ukilaza, mvua inapasua mlima. Na mwanamume anayemlazia mwanamke nyasi ni mumewe au ndugu yake. Hakuna wa tatu. Ukimwona mtu ameinama kwenye mteremko wa mjane na nyasi mikononi, huna haja ya kuuliza kama kuna ndoa.

Miaka mingi aliyenilazia alikuwa baba mdogo Bernadi. Halafu alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi akavunjika nyonga, akawa wa kukaa mlangoni na kuota jua. Nilikwenda kwa Othmar.

"Mimi nina mlima wangu," alisema.

"Niombee kibarua basi, nimlipe."

"Kibarua gani atakubali kuingia kwenye ardhi yenye maneno?"

Maneno aliyatia yeye. Aliwaambia wanaume wote wa ubavu ule wa mlima kwamba atakayenilazia nyasi asije kumwomba ng'ombe wala saini ya chama cha ushirika. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, anasoma somo la kwanza Jumapili kwa sauti ya kulia, na wanaume wanamwogopa. Nyasi za msimu ule zilikuwa zinanisubiri mimi na Meshack.

Sasa nimseme Meshack.

Mara ya kwanza alisimama uani kwangu na samaki wake huku manyunyu yakianguka, meno yanagongana. Nilikuwa na maharage mapya motoni. Nayapika hivi: nayaweka kwenye chungu cha mama, moto mdogo, tangu asubuhi, bila kuyaharakisha na magadi. Yakianza kupasuka natia majani ya maboga yaliyochambuliwa nyuzi. Mbegu za maboga nazikaanga pembeni mpaka zilie, nazitwanga, nazimimina mwishoni, mchuzi unakuwa mzito na wa kijani. Siku ile alinipa mbasa mmoja, nikamchambua miiba na kumtia humo. Alikula ameinama. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye bakuli.

"Dada," alisema, "kwetu tunao samaki ziwa zima, lakini samaki hajawahi kunifanyia hivi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka na mwanamume ndani ya jiko langu muda mrefu, na mwanamke aliyekaa peke yake anacheka rahisi kuliko anavyopaswa.

Akabaki. Alitundika koti nyuma ya mlango wangu kwenye msumari, na likabaki hapo mpaka Septemba. Asubuhi alikwenda sokoni, jioni alirudi na baridi mwilini na kukaa karibu na mafiga. Alinisimulia ziwa linavyobadilika rangi upepo wa mwera ukivuma, na jinsi baba yake alivyokuwa akipima nyavu kwa mikono iliyotanuliwa. Mimi nilimpa viazi vitamu vya majivuni, togwa ya moto, ugali wa unga uliosagwa siku hiyo. Alinenepa. Watu walimwona anavyonenepa. Miti ya kahawa ilipoanza kutoa maua na jua kuwa kali, alisema mama yake anaumwa, akashuka.

Msimu uliofuata akaja tena, na uliofuata. Hildegardi, mke wa Othmar, alimpa jina. Alikuwa akisimama njiani na ndoo kichwani akiniita mbele za watu.

"Wifi, naona baridi imeanza. Mume wako wa blanketi hajafika?"

"Atafika. Wako yupo mwaka mzima, mbona una miguu ya baridi?"

Nilimjibu hivyo, watu wakacheka upande wangu, lakini nikifika nyumbani jina lile lilikuwa linakaa kwenye kigoda kabla yangu. Mume wa blanketi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Krismasi sikuwahi kumwona. Pasaka sikuwahi kumwona. Simu yake Januari ilikuwa inaita mpaka inachoka.

Msimu wa nne nilimwambia wazi. Ilikuwa Septemba, ameshaanza kulitazama koti lake.

"Meshack, Machi nyasi zisipolala, Othmar anachukua mteremko. Maharage haya unayokula yanatoka pale. Mimi nikitoka pale, sina pa kuchimba hata kaburi."

"Nani kasema zisilale?"

"Nani atalaza?"

"Mimi si mwanamume?"

"Wewe ni mvuvi."

"Nifundishe."

Tulikwenda nyuma ya jiko. Nilimwonyesha kama nilivyomwona baba akifanya, mstari wa nyasi kwenda na mwingine kuukata, na upana wa mraba ni mpini wa jembe, si zaidi. Mteremko ukiwa mkali unapunguza hata hapo. Akainama, akalaza. Lakini hakushika jembe. Alitanua mikono yake kama mtu anayepima wavu, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, akaweka nyasi hapo, akatanua tena. Na kila kona alipozikutanisha nyasi alizisokota fundo, kama anafunga jicho la wavu.

"Unatega samaki?" nikamuuliza.

"Maharage nayo ni samaki wa mlimani."

"Mraba mkubwa hivyo unajaa maji unapasuka. Unavunja na wa chini yake, na wa chini, mpaka bondeni."

"Nimekusikia, mwalimu. Mpini wa jembe." Akanishika kiuno. "Februari ikiisha napanda. Nyasi zako nitalaza mimi, mchana, na kaka yako akipita atanisalimia shemeji."

Neno shemeji ndilo lililonimaliza. Nilimfungia mahindi ya kuchoma na maharage makavu ya kwenda kula njiani.

Februari nilifyeka mwenyewe. Kufyeka hakuna anayekukataza. Nilifyeka mteremko mzima mpaka viganja vikatoka malengelenge, nyasi zikalala ovyo zinakauka, na kila aliyepita aliona kwamba kuna mtu anangojwa. Nilimpigia Meshack. Mara hii alipokea.

"Nyavu zimekatika," alisema. "Nikizishona nakuja."

"Nyasi zimekauka."

"Wiki hii naanza safari."

Wiki hiyo haikumleta. Othmar alipita akiwa na mwanawe wa kwanza, wakasimama juu ya mteremko wangu, Othmar akinyoosha mkono kumwonyesha mipaka. Hakunisalimia. Alikuwa anamwonyesha mahali pa kupanda miche ya kahawa, na mimi nimesimama palepale nikiwa hai.

Mbegu zangu za maharage zilikuwa zimeliwa na wadudu, kwa hiyo nilikwenda Mbuji kwa Tereza, binti wa mama yangu mkubwa, kuomba mbegu. Nilipanda pikipiki, mwisho wa barabara nikamalizia kwa miguu. Tereza alinipokea vizuri, akanijazia kikapu, na wakati wa kurudi alinisindikiza mpaka mahali njia inapotazamana na mlima wa pili.

"Simama ucheke kwanza," alisema. "Tazama ubavu ule."

Nilitazama. Mlima wote ulikuwa umelazwa vizuri kama mkeka, ila sehemu moja katikati. Pale miraba ilikuwa mikubwa mno, imekaa kama madirisha ya kanisa.

"Nani huyo?" nikauliza, ingawa mikono ile iliyotanuliwa nilikuwa nimeshaitambua.

"Mwanamke wa Kyela, muuza vitenge, Sekela. Amekodishwa kipande kile. Ana mwanamume wa ziwani, ndiye amelaza. Wanaume wa hapa walikwenda kutazama, wakarudi wanashika mbavu. Anasema anajua, alifundishwa Maguu." Tereza alinigeukia. "Nani huko kwenu anafundisha ujinga huu?"

Nilishuka bondeni na kupanda upande wa pili, kikapu kichwani, mpaka nikawa nimesimama juu ya zile nyasi. Kila kona ilikuwa na fundo lililosokotwa. Nilifungua moja kwa kidole cha mguu. Alikuwa amekuja Februari kama alivyosema. Alipanda mlima, akainama, akalaza mchana kweupe, kila mtu akaona. Uongo wake ulikuwa kwenye mlima tu. Alisema wangu, ukawa wa mwingine.

Nyumba ya Sekela ilikuwa karibu, ya kupanga, ina bati jipya. Nilipiga hodi.

Alitoka mwanamke mnene mzuri, kitenge cha bei, umri wake ungeweza kuwa wa mwanangu kama ningemzaa mapema. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Sijawahi kupewa heshima iliyoniuma vile. Shikamoo haikataliwi. Nikaitika marahaba.

"Karibu ndani, tunakula."

Meshack alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Aliponiona tonge lilibaki hewani. Nitasema ukweli wake mmoja, anafikiri haraka.

"Shangazi," akasema. "Umefikaje huku?"

Sekela alipiga makofi taratibu. "Kumbe ndiye shangazi wa Maguu. Mama, huyu kila siku ni maharage ya shangazi, maharage ya shangazi. Nimeyapika leo kama alivyonielekeza, mbegu za maboga na samaki. Kaa uonje uniambie nilipokosea."

Nilikaa. Nilionja. Mbegu hazikukaangwa, zilitwangwa mbichi na zilikuwa na harufu ya majani. Majani hayakuchambuliwa nyuzi. Maharage yalipikwa kwa magadi, yakawa uji. Meshack alikuwa amechukua chungu cha mama yangu na kukimwaga mbele ya mgeni.

"Shangazi yako kwa baba yupi?" nilimuuliza Meshack.

Akatazama bakuli.

"Nauliza. Mimi sina kaka Lituhi. Nani kakuzaa wewe nikawa shangazi?"

"Kunigunda, tutaongea nje."

"Tunaongea hapa. Misimu minne umelala nyuma ya mgongo wangu na koti lako kwenye msumari wangu. Shangazi gani huyo?"

Sekela aliweka mwiko chini. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama Meshack kama mtu anayegundua kitenge alichonunua kina tundu katikati.

"Ulisema shangazi ni mzee, haoni vizuri, unamsaidia kuni."

"Naona vizuri," nilisema. "Nimeona shamba lako nikiwa ng'ambo ya bonde."

"Umekuja kumchukua?"

"Nilikuja kuchukua mbegu. Huyu nimekutana naye njiani kama mavi."

Hapo Sekela alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Mama, kama una kazi yake mchukue hata leo. Alaze nyasi zako, umrudishe Jumamosi. Ila usimpe chakula, atasahau njia."

Meshack aliinuka. Nadhani aliona mlango umefunguliwa. "Kunigunda, naja kesho. Naapa. Nyasi zako ndizo nilizokuwa naanza nazo, ila huku..."

Na nisiwafiche, moyo ulitikisika. Siyo kwa ajili yake. Kwa ajili ya mteremko. Kesho mchana angeonekana ameinama kwenye shamba langu, Othmar angenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimetoka kukanyaga yale mafundo. Mteremko wangu ni mkali kuliko wa Sekela. Miraba ile ingekaa mpaka mvua ya kwanza ya Aprili, halafu udongo wa baba yangu ungekuwa kwenye kijito, na Othmar angesema, mnaona.

"Sitaki," nilisema. "Nimeona mkono wako. Unalaza kama unavyopenda, mikono imetanuka na katikati hamna kitu."

Nilichukua kikapu changu. Sekela alinisindikiza mpaka nje, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, shamba langu lina shida gani? Watu wanacheka hawaniambii."

"Muulize aliyelaza," nikasema, nikaondoka. Ningeweza kumwambia. Nyasi zilikuwa bado hazijafukiwa, siku moja ingetosha kuzipanga upya. Sikumwambia, na sijutii. Alikuwa amekula kwenye chungu changu akaharibu mapishi.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwenye mteremko wangu na mpini wa jembe. Nilianza juu, upande wa njia, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Niliweka mstari wa kwanza, nikapima, nikaweka wa pili. Palipokuwa pakali nilipunguza kama baba alivyokuwa akipunguza. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo.

Hildegardi ndiye wa kwanza kupita. Alisimama.

"Wifi, umeota ndevu?"

"Zimeota. Shuka uninyoe."

"Mwanamke halazi nyasi. Utatuletea balaa mlima mzima."

"Balaa lenu linasoma somo la kwanza kila Jumapili. Pita."

Alipita mbio, na kabla sijafika katikati Othmar alikuja na kofia yake ya mwenyekiti. Alisimama juu yangu ili aonekane mrefu.

"Nani amekuruhusu?"

"Baba. Alisema maadamu unalimwa."

"Yule mume wako wa samaki yuko wapi?"

"Yuko Mbuji kwa mwanamke wa Kyela." Nilitaka neno hilo nilitoe mwenyewe kabla Hildegardi hajalileta kwa mdomo wake. "Ameniacha. Haya, cheka tumalize, nina kazi."

Hakucheka. Aliinama akashika fungu la nyasi nilizolaza. "Hizi nitaziondoa. Mkono wa mwanamke hauwezi kulaza kwenye mlima wa ukoo."

"Ziondoe. Lakini subiri Jumapili, misa ikiisha, jumuiya yote ikiwa inapita hapa. Utoke na Biblia yako kwapani, uingie kwenye shamba la dada yako aliyeachwa mara mbili, ufukue nyasi zake moja moja, mimi nimekaa hapa katikati natazama. Usipotaka Jumapili, basi ziache."

Wanawake wawili waliokuwa wakienda kuteka maji walikuwa wamesimama. Othmar aliwaona. Aliachia lile fungu, na nitampa haki yake hapa, aliliachia palepale kwenye mstari.

"Mvua itakuhukumu," alisema.

"Ndiyo. Wewe hapana."

Nilimaliza kulaza, nikageuka mwanamke tena, nikashika jembe nikachimba. Hakuna aliyekuja kunisaidia. Kwa kawaida wanawake tunachimbiana kwa zamu, lakini mwaka ule kila mtu alikuwa na mgonjwa wa kumwuguza. Nilifunika, nikapanda mbegu za Tereza, nikarudi nyumbani kungoja kama mshtakiwa.

Aprili mvua ilikuja na hasira. Ilinyesha usiku na mchana, kijito kikawa rangi ya chai ya maziwa. Kulipokucha nilikwenda na gunia kichwani nikakuta watu wameshatangulia kutazama, Hildegardi mbele yao. Walikuwa wamekuja kuona mlima uliopasuliwa na mkono wa mwanamke. Kila shimo lilikuwa limejaa maji, yametulia, mpaka chini. Hakuna tuta lililokatika. Nilisimama nao nikatazama. Baadaye wakakumbuka wana kazi, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenipa pole ya kazi. Othmar alilipeleka somo lake la mipaka mahali pengine, na miche ya mwanawe ikapandwa nyuma ya nyumba yao.

Tereza alinipigia simu. Kipande cha Sekela kilikuwa kimeshuka chote bondeni na kupita juu ya mihogo ya jirani, na jirani amekwenda kwa mtendaji wa kijiji. "Meshack ametoroka siku ileile," alisema. "Mwanamke amerudi Kyela na vitenge vyake."

"Vizuri," nilisema.

"Kunigunda, una roho mbaya."

"Ninayo. Nilipokuwa na nzuri mlikuwa wapi?"

Juni ikaja, na ukungu. Nilikuwa nimechuma maharage ya kwanza ya mteremko, bado yana maji ndani, na yalikuwa motoni tangu asubuhi. Nilisikia pikipiki ikishusha mtu, kisha miguu ninayoijua, kisha kikohozi cha kunifanya nitoke. Sikutoka. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jiko na koti lake la kijani, meno yanagongana kama siku ile ya kwanza. Mkononi alikuwa na mbasa mzuri, mnene, amefungwa kwa jani la mgomba.

"Kuni," alisema. Jina hilo alilitumia kitandani tu. "Baridi ya mwaka huu si ya kawaida."

"Ni ya kila mwaka."

Akavuta harufu. Niliona koo lake likipanda na kushuka. "Ni ya mteremko ule?"

"Ndiyo."

"Othmar hakuuchukua. Nani alilaza?"

"Mimi."

Alicheka akaegemea mwimo. "Wewe? Basi siku hizi umekuwa mwanamume."

"Nimekuwa. Sasa tupo wanaume wawili mlangoni. Nenda katafute mwanamke akupikie, wangu nimeshampata."

Alidhani ni utani, akatoa mguu mmoja kuuingiza ndani. Nilimimina mbegu za maboga chunguni, zilizokaangwa mpaka zikalia, nikakoroga bila kumtazama. Akasema samaki ataharibika. Nikasema ampe Sekela. Akasema mambo ya Sekela yalikuwa makosa ya njiani, mtu mzima anasamehe. Nilipakua bakuli moja, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kula mbele yake, polepole, mpaka mchuzi. Nilipopitisha kidole kwenye bakuli, mguu wake ulikuwa umerudi nje.

Mbasa wake alimwacha juu ya jiwe la kufulia. Sikumgusa, mbwa wa Hildegardi alimla. Msimu huo Meshack alipanga chumba karibu na soko, na nasikia anakula kwa mama lishe, na kwamba amekonda. Tulipokutana sokoni alinisalimia, nikanunua dagaa kwa mwingine.

Mwaka huu ni zamu ya mahindi pale mteremkoni. Nyasi ni mwaka ujao, na nitalaza mwenyewe, wapende wasipende. Fyekeo nimelitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari uliokuwa wa koti.